Maswali ya Wasomaji: Kuwafundisha Watoto Wadogo Nyumbani

Katika miezi ya karibuni barua nyingi zilizofika kwenye ukurasa huu zimetoka kwa wazazi wanaowafundisha watoto wao wadogo nyumbani, ama kwa sababu watoto hawajafikia umri wa kuanza shule, ama kwa sababu wazazi wenyewe wameamua, baada ya kuomba na kushauriana, kwamba miaka ile ya mwanzo wataishika wao. Nimechagua barua nne. Niliwahi kufundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, kisha nikawafundisha wanangu watatu kusoma kwenye meza yetu ya chakula, na kazi hii ya pili ilinielemea kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ninayasema kama mwalimu, lakini zaidi kama mama.

Swali. *Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo mama. Nina watoto watatu: wa kwanza ana miaka mitano, wa pili mitatu, na wa mwisho miezi minane. Mwaka jana niliacha kazi ili nikae na wanangu, na mume wangu aliniunga mkono. Nimenunua ubao, chaki, madaftari na vitabu vya awali, nikapanga ratiba ya saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana kama ya shule, lakini kila siku tunaishia kwenye machozi. Mkubwa hataki kuandika, wa kati anachana madaftari, na mdogo analia kutaka kunyonya. Wiki iliyopita nilimchapa mkubwa kwa sababu alishindwa kutofautisha b na d kwa siku ya nne mfululizo, na usiku ule nilipopiga magoti sikuweza kuomba. Je, nilikosea kuacha kazi? Au mimi sina karama hii?* — Mama wa watoto watatu, Morogoro

Ameni, mwanangu, na marahaba. Nitaanza na usiku ule ulioshindwa kuomba, kwa sababu naamini moyo wako ulikuwa unakuambia ukweli.

Mtoto aliyeshindwa kutofautisha b na d hajaasi, hajajua tu. Kuasi na kutojua ni mambo mawili, na mzazi akiyachanganya, mtoto hujifunza kuogopa kukosea, na anayeogopa kukosea huacha kabisa kujaribu. Tena hebu tazama kosa lenyewe. Kwa miaka mitano mwanao amejifunza kwamba kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto, na kwamba kuku ni kuku akitazama mlangoni au akitazama jikoni. Leo unamwonyesha umbo moja, kijiti chenye tumbo, na kumwambia kwamba tumbo likiwa upande huu jina lake ni hili, na likigeukia upande wa pili jina lake ni jingine. Hakuna kitu kingine nyumbani kwenu chenye tabia hiyo. Watoto wengi wenye akili njema huzichanganya herufi hizi hadi miaka saba, na dawa yake ni kuzitenganisha: fundisha b peke yake mpaka iwe kama jina la ndugu yake, kisha subiri majuma kadhaa kabla ya kuileta d.

Nenda ukamwombe radhi. Najua wapo wazee watakaokuambia kwamba mzazi haombi msamaha kwa mtoto, kwamba heshima itashuka. Mimi sikubaliani nao, na nimeishi miaka ya kutosha kuona heshima ya nyumba ambazo baba na mama wanaweza kusema, "Mwanangu, juzi nilikosea, naomba unisamehe." Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba akina baba wasiwachokoze watoto wao "wasije wakakata tamaa" (3:21), na agizo hilo linatuhusu akina mama pia, maana ndio tunaoshinda nao kutwa. Utaambiwa pia habari ya fimbo ya Mithali 13:24. Mstari huo sitaufuta katika Biblia, lakini nakuomba uusome pamoja na Zaburi ya 23, ambamo Daudi anasema kwamba gongo na fimbo ya mchungaji vyamfariji. Mchungaji hampigi kondoo kwa sababu hajaijua njia, anamtangulia.

Sasa ratiba. Saa nne mezani ni nyingi mno kwa mtoto wa miaka mitano. Shuleni saa nne zinaonekana kupita vizuri kwa sababu ndani yake mna kuitwa majina, nyimbo, foleni ya uji, mapumziko, na mwalimu anayezunguka kwa watoto hamsini au zaidi. Muda ambao mtoto mmoja anaupata kwa mwalimu wake, uso kwa uso, ni dakika chache sana. Wewe una mwanafunzi mmoja. Mpe dakika kumi na tano za kusoma, dakika kumi za kuhesabu, na dakika kumi za kuchora au kuandika, tena zisifuatane, na zile za kusoma ziwekwe wakati mdogo amelala asubuhi. Ukiona uso wake umechoka kabla ya dakika hizo kwisha, funga kitabu wakati bado anataka kidogo. Mtoto anayeacha akiwa na hamu hurudi mwenyewe.

Muda uliobaki uache uwe wa nyumba. Anayechambua mchele pamoja nawe anajifunza kutenganisha na kulinganisha, tena anazizoeza ncha za vidole vitakavyoshika kalamu. Anayepanga sahani za chakula cha jioni anahesabu watu na vitu, na akikosea, sahani itakayopungua itamsahihisha bila wewe kusema neno. Mtume gengeni na mia tano, anunue nyanya za mia tatu, arudi na chenji, mhesabu pamoja. Vizibo vya soda, punje za mahindi na njiti za kiberiti ni vifaa ambavyo walimu wa awali nchini mwetu wamevitumia siku zote, na bado sijaona kifaa cha dukani kinachovishinda.

Katika kusoma nakuomba usiwe na haraka, lakini uwe na mpangilio. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania ulielekezwa kwenye stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambazo walimu tunaziita KKK, na msingi wake katika kusoma ni sauti ya herufi kabla ya jina lake. Mungu ametupa lugha yenye huruma kwa mtoto anayeanza kusoma: irabu zetu ni tano tu, kila moja ina sauti moja, na karibu kila silabi huishia kwenye irabu. Anza na a, e, i, o, u. Kwa irabu peke yake mtoto tayari anaweza kusoma *ua* na *oa*, na usiidharau furaha yake siku atakapogundua kwamba alama mbili alizochora mwenyewe ni ua la bustanini. Kisha lete m: ma, me, mi, mo, mu. Kwa konsonanti hiyo moja anasoma *mama*, *mimi*, *mume*, *imo*, *umo*. Ongeza k, naye anapata *kaka*, *kuku*, *kama*, *kima*. Kila herufi mpya imfungulie maneno anayoyajua tayari kwa sikio, wala usihamie nyingine kabla hajaisoma hii bila kukutazama usoni kutafuta jibu.

Nimesema bila kukutazama usoni kwa makusudi. Mtoto wa umri huu husoma uso wa mama yake kabla hajasoma karatasi. Ukikunja uso, anabadilisha jibu hata kama lilikuwa sahihi. Ukishusha pumzi kwa kuchoka, anajua somo limekwisha hata kama mdomo wako unasema endelea. Niliwahi kumkagua mtoto mmoja aliyesoma ukurasa mzima kwa kumtazama mama yake tu, akibahatisha neno na kusubiri nyusi zake. Kaa ubavuni mwake, macho yenu nyote yawe kitabuni.

Mwisho kabisa ndipo zije herufi zinazotembea pamoja: ch, sh, th, dh, gh, ny, na zile za mb, nd, nj, mw, kw. Usishangae ng ya *ngoma* na ng' ya *ng'ombe* zikikuchukulia mwezi mzima. Akifika hapo, mfungulie mstari wa kwanza wa Mwanzo: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Utazame mstari huo kwa jicho la mwalimu. Una *mwa* na *nzo*, una *mbi* na *ngu*, una *nchi*, na una neno refu lenye silabi tano, *a-li-zi-u-mba*, ambalo kila kipande chake mtoto amekwisha kukutana nacho. Wanangu wote watatu niliwaandalia mstari huo kama mlango wa kuingia katika Biblia yao wenyewe, na kila mmoja alipomaliza kuusoma tulimwita baba yao aje asikie.

Kuandika kunaweza kusubiri nyuma ya kusoma bila hasara yoyote. Mkono wa miaka mitano haujakomaa, na anayekataa kalamu mara nyingi anakataa maumivu ya vidole. Mpe unga wa chapati akande, mpe nguo ndogo akamue, mwache aandike mchangani kwa kidole na ubaoni kwa chaki kubwa, kisha baada ya miezi michache mrudishie daftari.

Huyu wa miaka mitatu hachani madaftari kwa ubaya. Anachana kitu kinachompokonya mama. Mpe yeye kwanza dakika zake kumi, hadithi au wimbo akiwa mapajani, kabla hujaketi na mkubwa, na mpe daftari lake mwenyewe la kuchora na hata la kuchana. Mdogo anyonye. Nimewahi kufundisha silabi za t nikinyonyesha, na mtoto yule leo anasoma kama wengine.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini kwa kuwa unafundisha katika nyumba ya Kikristo nitalisema, maana mimi nilianguka hapo. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka sita, alinidanganya kuhusu sukari iliyopungua kabatini, nami nikampa adhabu ya kunakili Zaburi ya 23 mara tano. Nilidhani nimefanya jambo la kiroho. Kwa muda mrefu baadaye, kila zaburi hiyo iliposomwa kanisani, niliona anavyoinamisha kichwa kama aliyekamatwa. Neno lililoandikwa ili kumfariji aliyepita bondeni, mimi nililigeuza kuwa bonde lenyewe. Tafadhali, Biblia isiwe adhabu nyumbani kwako. Kumbukumbu la Torati 6:7 linataja mahali pa kuyanena maneno haya: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Hizo zote ni nyakati za utulivu kati ya mzazi na mtoto.

Kama ulikosea kuacha kazi, siwezi kukuambia, wala usijiamulie kwa kutazama majuma haya ya machozi. Jaribu ratiba fupi kwa miezi mitatu, mkiwa mmekubaliana na mume wako kwamba jioni atashika watoto angalau saa moja nawe upumzike. Karama unayoiulizia huonekana baada ya usingizi wa kutosha. Jambo la mwisho, nalo ni la kisheria: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe shule mtoto aliyefikia umri wa kuanza darasa la kwanza na kuhakikisha anahudhuria. Miaka hii ya awali ni yako; akifikia umri huo, mtoto wako anapaswa kuwa na jina lake kwenye daftari la mahudhurio ya shule iliyosajiliwa. Afisa Elimu wa Kata yako atakueleza taratibu za uandikishaji. Utakayompa sasa yatakwenda naye huko, na mchana akirudi meza yenu bado ipo.

Swali. *Mwalimu, salamu katika jina la Yesu. Mimi ni baba wa watoto wawili, wa miaka saba na minne. Ninaendesha lori la masafa marefu. Kwa mambo ninayoyasikia kuhusu shule siku hizi, nimeamua kumtoa mkubwa shuleni ili mke wangu awafundishe wote nyumbani, mbali na ulimwengu. Jirani ananiambia naweza kushtakiwa. Je, ni kweli? Na je, Mkristo amtii nani hapo?* — Baba, Eldoret

Jirani yako amekuambia jambo la kweli, nawe unafaa kumshukuru. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi kumpeleka mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Asiyefanya hivyo bila sababu ya kutosha anatenda kosa. Ukumbuke pia kwamba mwanao akifika Gredi ya Sita atakutana na KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi, na watoto huandikishwa kwa tathmini hiyo kupitia shule. Kabla ya kumwondoa, zungumza na mwalimu mkuu na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, na ikiwezekana upate ushauri wa wakili. Yule wa miaka minne yuko katika umri wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, na hata kwake usichukue hatua kabla ya kupata maelezo ya ofisi hiyo.

Kuhusu nani wa kumtii, sioni kwamba umefika kwenye njia panda ambayo mitume waliifikia walipokatazwa kufundisha kwa jina la Yesu. Hakuna aliyekuzuia kumfundisha mwanao imani. Serikali imedai saa zake za asubuhi na mchana. Haijadai jioni, Jumamosi, Jumapili, wala likizo za Aprili, Agosti na Novemba.

Lakini barua yako imenigusa kwa sababu nyingine. Umeandika kuhusu hofu, kisha ukaandika kwamba mkeo ndiye atakayefundisha. Wewe utakuwa wapi, baba? Waefeso 6:4 inawataja akina baba kwa jina lao: "waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Najua lori halina ratiba ya kanisa, na kwamba kuna usiku unalala Malaba ukisubiri foleni ya mpaka isogee. Hata hivyo simu unayo. Dakika kumi kila jioni, mtoto akikusomea ukurasa mmoja nawe ukisikiliza bila kufanya kazi nyingine, ni shule ambayo hakuna sheria inayoikataza na hakuna mwalimu anayeweza kuifundisha badala yako. Siku ukiwa nyumbani, mpeleke kwenye lori, mhesabu magurudumu, muonyeshe kwenye ramani Mombasa, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kampala, na muiombee pamoja safari inayofuata.

Unapoogopa ulimwengu, mkumbuke Yokebedi. Alikuwa na miaka michache tu ya kumnyonyesha Musa, kisha ikambidi amkabidhi kwa binti Farao, na Matendo 7:22 yanasema Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Alipokuwa mtu mzima alitoka kwenda kwa ndugu zake na kuutazama mzigo wao. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya Farao alijuaje kwamba wale ni ndugu zake? Mimi naamini alilipata jambo hilo mapajani, kabla hajajua kusoma herufi za Misri. Mwanao wa miaka saba anarudi nyumbani kila jioni, jambo ambalo Yokebedi hakulipata.

Na kama kuna jambo mahususi ulilolisikia kuhusu shule ile, si uvumi wa jumla, nenda ukaliulize pale pale shuleni. Ukiona kweli hapafai, mhamishie shule nyingine.

Swali. *Mwanangu, habari za kazi ya Bwana. Mimi ni bibi wa wajukuu wawili. Mkwe wangu anawafundisha watoto nyumbani, hawatoki kucheza, na huyu mkubwa amefikisha miaka sita lakini hajui kusoma hata jina lake. Nikisema naonekana naingilia. Nikinyamaza moyo unauma. Nifanye nini?* — Bibi, Moshi

Shikamoo bibi. Asante kwa kuniandikia kabla ya kusema maneno ambayo ni vigumu kuyarudisha.

Miaka sita bila kusoma peke yake si ugonjwa. Wapo watoto wanaoanza saba na kufika mbali. Jambo ambalo ningeliangalia haraka ni macho na masikio. Mchunguze mjukuu wako kwa upole: je, anasogeza kitabu puani, anakunja macho akitazama mbali, anageuza kichwa upande mmoja anapoitwa, anaomba urudie maneno? Ukiona mojawapo, mwambie mkwe wako faraghani, kama mama anayejali na si kama mkaguzi, kwamba ingefaa mtoto apimwe hospitali. Nimewaona watoto walioitwa wavivu kwa mwaka mzima kumbe hawakuwa wakiuona ubao. Na kuhusu kuandikishwa darasa la kwanza, niliyomwandikia mama wa Morogoro yanahusu familia yako pia. Mwanao wa kumzaa ndiye wa kulizungumza hilo na mkewe, baada ya wewe kumkumbusha pembeni.

Kuhusu kucheza una haki kabisa. Luka 2:52 inasema Yesu alizidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu, na hao wanadamu hawapatikani ndani ya geti. Mtoto anahitaji wenzake wa kucheza nao rede, wa kugombana nao na kupatana kabla ya giza kuingia. Shule ya Jumapili ya saa moja kwa wiki haitoshi.

Lakini usingoje ruhusa ya kufanya jambo ambalo ni lako tayari. Omba siku moja kwa wiki. Sema, "Mama, nipe hawa watoto kila Jumatano, nawe upumzike." Sidhani kama kuna mama wa watoto wawili atakayekataa. Wapeleke kihambani, wahesabu mikungu ya ndizi, wajue ipi ya kupika na ipi ya kuiva, wachume kahawa kama msimu umefika na kuzipanga kumi kumi. Wategee vitendawili, "nyumba yangu haina mlango" imewafundisha watoto kufikiri kabla babu zetu hawajaona ubao. Wape na hadithi za ulivyookoka, kwa majina na mahali, kwa maana hizo hawatazipata kwenye kitabu chochote. Timotheo alikuwa na baba Myunani, na Paulo anapoitafuta chemchemi ya imani ya kijana yule anamtaja kwanza bibi yake, Loisi, kisha mama yake, Eunike (2 Timotheo 1:5).

Mbele ya watoto usimkosoe mama yao hata kwa kuguna.

Swali. *Bwana asifiwe dada. Sisi ni familia kutoka Uvira, tumeishi Texas miaka sita. Watoto wetu wana miaka minane, sita na minne. Tungependa kuwafundisha nyumbani, kwa kuwa huku wengi wa kanisani wanafanya hivyo, lakini tunaogopa sheria, na zaidi tunaogopa Kiswahili kinapotea. Tukisoma Biblia ya Kiswahili jioni wanasema hawaielewi, na wanajibu kwa Kiingereza.* — Mama, Texas

Ameni, dada yangu. Kwenye sheria ninyi mna nafasi ambayo wasomaji wenzenu wa hapo juu hawana. Kufundisha watoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50 ya Marekani, ingawa kila jimbo lina masharti yake. Texas ni miongoni mwa yenye masharti mepesi: mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, katika kesi ya Leeper, ilithibitisha kwamba shule ya nyumbani huhesabiwa kama shule ya binafsi, mradi mzazi anafundisha kwa nia ya kweli, kwa mtaala ulioandikwa unaohusisha kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Kama mkubwa ameandikishwa shule ya umma, mwondoeni kwa barua rasmi na mtunze nakala, ili asihesabiwe mtoro. Ulizeni pia wenzenu wa kanisani jinsi wanavyotunza kumbukumbu za masomo.

Kiswahili ndicho kilichonifanya nichague barua yako. Huyo wa miaka minne ni bahati yenu. Mwanzisheni kusoma kwa Kiswahili, kwa silabi, kwa mpangilio nilioueleza kwa mama wa Morogoro. Irabu za Kiingereza hubadilika sauti kila zinapohama neno, wakati zetu hukaa mahali pamoja. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwa Kiswahili kwamba alama ni sauti, na kwamba sauti zikiungwa zinakuwa neno, anaweza kuupeleka ujuzi huo kwenye Kiingereza. Wale wakubwa wawili, ambao nadhani tayari wanasoma Kiingereza, watajifunza kusoma Kiswahili kwa majuma machache. Shida yao itakuwa msamiati, na msamiati hauji kwa kitabu pekee. Unakuja jikoni, mkipika sombe na ugali, kila kitu kikiitwa kwa jina lake.

Kuhusu Biblia, nadhani mnasoma ile ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952. Naipenda kwa moyo wote, lakini Kiswahili chake ni cha babu zetu, na mtoto aliyekulia Texas akikutana na *nawe uwafundishe* na *uondokapo* kwa siku moja atachoka. Kwa ibada ya jioni tumieni Biblia Habari Njema, ambayo lugha yake ni ya siku hizi, mkisoma hadithi moja fupi kila siku: Yusufu na ndugu zake, Ruthu, Samweli aitwapo usiku. Ile ya Muungano itunzeni kwa mistari ya kukariri, mmoja kwa wiki, kwa sababu maneno yake yana mdundo unaokaa kichwani hata kabla maana haijaeleweka. Na baada ya kusoma, msiwaulize maswali ya mtihani. Mwambie kila mmoja aisimulie hadithi ile tena kwa bibi yake wa Uvira kwa simu, siku ya Jumapili. Bibi asiyejua Kiingereza ni mwalimu mwenye subira, na mtoto atalitafuta neno kwa bidii kwa sababu kuna mtu anayelingoja upande wa pili.

Wanapokujibu kwa Kiingereza, usiwakemee wala usiwacheke. Rudia jibu lao kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu aliyefurahi kusikia alichoambiwa, kisha endelea na mazungumzo. Mtoto akisema ana njaa kwa Kiingereza, sema, "Una njaa? Haya, njoo nikupakulie," na umpakulie.